Acheni Kumchovyea Hamlet Kitabu Kwenye Chai

Mwongozaji mwingine tena wa filamu kanitumia mimi, mtengenezaji wa vitabu vya kushikwa na waigizaji, picha ya kitabu cha rangi ya ugoro, kona zimeliwa, jalada linabanduka. Anakitaka kwa ajili ya Hamlet, "si unajua, zamani zile." Jamani! Zamani kwetu sisi. Kwa Hamlet ni leo. Tamthilia hiyo ya Shakespeare iliandikwa mnamo 1600 hivi, na huyu ni kijana msomi wa chuo kikuu cha Wittenberg. Kitabu anachosoma akitembea huenda kimetoka dukani juzi. Kimezeeka lini?

Na hata kingezeeka, kisingekuwa hivyo. Karatasi ya enzi hiyo ilitokana na matambara ya kitani, na ikitunzwa hukaa karne nyingi bila kugeuka sana. Ile kahawia inayokatikakatika ni karatasi ya mbao, na hiyo ni habari ya karne ya 19. Ukichovya kurasa kwenye chai ya rangi, unamkabidhi mwana wa mfalme wa Denmark riwaya ya bei rahisi ya mwaka 1890.

Ila nyeupe tupu nayo haifai. Taa ikiupiga ukurasa mweupe, unawaka kuliko uso wa mwigizaji, na mpiga picha ananijia juu. Kwa hiyo ndiyo, chai naitumia, hafifu sana, ili kuua ule mng'ao tu. Na sina hakika mtazamaji ananiamini. Kazoeshwa kahawia, akiona kurasa safi anaweza kudhani tumenunua daftari.

Ukubwa je? Mtu anayesoma huku anatembea habebi libuku la kuwekwa mezani. Aldus Manutius wa Venice alikuwa akichapa vitabu vidogo vya kushikwa mkononi tangu 1501, kwa hiyo kisingizio hakuna. Kile anachopewa Ophelia, mpenzi wa Hamlet, na babake ajifanye anasali, kiwe kidogo zaidi. Na kama kurasa zitachanwa, kama afanyavyo Mel Gibson katika filamu ya Zeffirelli ya 1990, niambieni mapema, kwa sababu kila shoti ikirudiwa nahitaji nakala nzima. Mwongozaji Greenaway na filamu yake ya 1991 kuhusu vitabu vya Prospero, yule mchawi wa Shakespeare, msinitajie: huko vitabu ndio wahusika, vifanye vitakavyo.

Anayeninyima usingizi ni Brutus, mmoja wa waliomuua Kaizari. Tuliosoma Juliasi Kaizari, tamthilia ya Shakespeare iliyotafsiriwa na Mwalimu Nyerere, tunakumbuka ule usiku hemani, kabla mzuka haujaja. Brutus anakipata kitabu chake kwenye mfuko wa joho, anauliza kama ukurasa haukukunjwa pale alipoishia, kisha anasoma kwa mwanga wa mshumaa. Mrumi wa mwaka 42 kabla ya Kristo alisoma gombo, yaani waraka mrefu unaoviringishwa. Gombo halina ukurasa wa kukunja. Wajuaji hukimbilia hapo: mpe gombo, historia imetulia.

Haya, mpe. Gombo linataka mikono miwili, mmoja unakunjua na mwingine unakunja. Lakini Brutus huyohuyo ametoka kumwondolea kijana wake wa kazi chombo cha muziki asije akakivunja usingizini, anapekua, anatafuta alipoishia, halafu anainua macho kuona mshumaa unafifia. Shakespeare aliuandika mwendo wote huu akiwa na kitabu cha kurasa akilini, kile cha mkono mmoja. Ukileta gombo, utaufuta ule mstari wa ukurasa au mwigizaji atautamka akiwa ameshika kitu kinachomkanusha. Na kamera ikiwa karibu, mikono ndiyo inayoonekana kwanza.

Mimi ningempa kitabu cha kurasa, kidogo, jalada la ngozi laini, kona moja imekunjwa kwelikweli, nikabishane na walimu wa historia baadaye. Linalobaki ni ule mfuko. Toga, lile vazi la Kirumi, haina mfuko, na fundi wa maleba amekataa katakata kuushona.