Je, wajua kwa nini gesti ya vyumba sita ina leseni, lakini nyumba ya wapangaji ya vyumba sita haina?

Ukipita Isevya, Gongoni au Kanyenye hapa Tabora, unaweza kukuta nyumba mbili zilizojengwa kwa ramani ileile: mlango wa mbele, ukumbi katikati, vyumba vitatu kushoto na vitatu kulia, kisha uani kwenye choo, bafu na jiko. Moja imegeuzwa gesti. Nyingine ina wapangaji. Mwenye gesti anatakiwa awe na leseni ya biashara, awe na kitabu cha wageni, na afisa afya akibisha hodi kukagua vyoo na mashuka, afungue. Mwenye nyumba ya pili hana leseni maalumu ya kupangisha vyumba, kwa kuwa leseni ya namna hiyo haipo. Na bado ndani mwake wanaweza kulala watu kumi na wawili, tena si kwa usiku mmoja. Wanalala humo mwaka mzima.

Kisheria, gesti ni biashara inayopokea wageni, kwa hiyo inaangukia kwenye mfumo wa leseni uliojengwa juu ya Sheria ya Leseni za Biashara ya 1972. Kupangisha chumba cha kuishi kunachukuliwa kuwa makubaliano ya watu wawili, na upangaji wenyewe unaongozwa na Sheria ya Ardhi ya 1999. Mgeni wa gesti anafika usiku na mzigo wake, hajui mlango wa nyuma uko wapi, hivyo serikali inamtangulia kukagua. Mpangaji anadhaniwa amekwenda mchana na dalali, ameona chumba, ameona choo, ameridhika mwenyewe. Iliwahi kuwapo sheria ya 1984 ya kudhibiti kodi za nyumba, ikafutwa mwaka 2005. Hata hiyo hangaiko lake kubwa lilikuwa kiasi cha kodi na namna ya kumtoa mpangaji. Nani analala wapi na anatokea mlango gani moto ukiwaka, hilo halikuwa shabaha yake.

Wenzetu wa Uingereza walichukua njia nyingine, na sababu yao inafaa kueleweka hata kama hatutawaiga. Katika England, Sheria ya Nyumba ya 2004 iliweka leseni ya lazima kwa nyumba za wapangaji wa kaya mbalimbali, inayotolewa na halmashauri, ikaanza kutumika mwaka 2006. Mwanzoni iligusa nyumba za kuanzia orofa tatu kwenda juu, ya chini ikihesabiwa. Kuanzia Oktoba 2018 sharti la orofa likaondolewa. Sasa nyumba yoyote yenye watu watano au zaidi, wanaotoka kaya mbili au zaidi na wanaochangia choo, bafu au jiko, kwa kawaida lazima iwe na leseni. Uskoti walitangulia. Machi 1999 wanafunzi wawili walikufa kwa moto Glasgow katika nyumba ya kupanga iliyokuwa na nondo madirishani. Mwaka uliofuata leseni ya lazima ikaanza, na leo huko inatakiwa hata kwa watu watatu wa familia tatu tofauti.

Ukisoma masharti hayo vizuri utaona jambo linaloshangaza kidogo. Baba, mama na watoto sita wakipanga nyumba nzima, hao ni watu wanane, na leseni ya aina hii haitakiwi. Wanafunzi watano, kila mmoja na sufuria yake, wanatakiwa kuwa na nyumba yenye leseni. Kwa nini wengi waachwe na wachache wabanwe?

Kinachohesabiwa hapo ni kaya. Katika familia moja, moto ukiwaka kuna mtu anayejua nani yumo ndani na nani katoka. Mama akisikia harufu ya waya unaoungua, atauliza, atazima, atagomba. Katika nyumba ya wapangaji kila mlango una kufuli lake. Wa chumba cha tatu hajui kama wa chumba cha tano amerudi jana usiku. Waya wa ukumbini umechubuka, kila mtu anauona, na kila mtu anaamini ni kazi ya mwingine. Choo kimejaa: wapangaji wanamsubiri baba mwenye nyumba, naye anasema wachange kwa kuwa wao ndio waliokijaza. Wanaokijua kisa hiki hapa mjini si wachache. Leseni inavunja mzunguko huo kwa kumtaja mtu mmoja, kwa jina na anwani, atakayejibu kuhusu kila kitu kinachotumiwa na wote: ukumbi, ngazi, nyaya, choo, mlango wa kutokea. Mimi naona hapo ndipo penye thamani yake yote. Karatasi na muhuri vinafuata baadaye.

Leseni hiyo ya England hudumu hadi miaka mitano. Halmashauri humchunguza mwombaji kama anafaa, kwa mfano kama ana rekodi ya ulaghai au ukatili. Inataka vifaa vya kuashiria moshi viwepo na vifanye kazi, na ikiwa nyumba inatumia gesi, cheti chake kitolewe kila mwaka. Tena inaandika idadi ya juu ya watu watakaolala humo. Mwenye nyumba akipangisha bila leseni, sheria ya 2004 ilimpa mpangaji nafasi ya kudai kodi aliyolipa, hadi ya miezi 12. Sheria nyingine ya 2016 ikaruhusu halmashauri kutoza faini ya hadi pauni 30,000.

Kipimo cha chumba kinatugusa zaidi. Tangu 2018, chumba cha kulala cha mtu mmoja mwenye umri zaidi ya miaka 10 kisipungue mita za mraba 6.51, na cha watu wawili wa umri huo kisipungue 10.22. Chumba cha futi 10 kwa 10, kinachofahamika sana mtaani, kina mita za mraba 9.3 hivi. Kwa kipimo cha England kinamtosha mwanafunzi mmoja bila shida. Wawili tayari ni kosa. Sasa wafikirie vijana wa Chuo cha Ardhi, wa Chuo cha Utumishi wa Umma au wa Chuo cha Mihayo waliochanga kodi ya gheto moja wakalala watatu ili waweze kula. Kuwapiga marufuku tu, bila mabweni ya kutosha, ni kuwahamishia kwenye chumba kibaya zaidi.

Kwa hiyo sitaki tuchukue kipimo cha wenzetu tukibandike Tabora. Wenye nyumba wengi hapa si matajiri. Wapo wajane na wastaafu ambao kodi ya vyumba vitatu ndiyo chakula chao. Ada ya leseni ikiwaangukia, wataihamishia kwa mpangaji. Tumekwisha kuliona hilo kwenye kodi ya jengo: tangu 2021 hukatwa kupitia LUKU, ikianza na shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Inatakiwa imguse mwenye jengo, lakini anayekatwa ni aliyenunua umeme, na mara nyingi huyo ni mpangaji.

Hata hivyo kodi hiyo imeonyesha kwamba nyumba zinaweza kujulikana moja moja kwa mita zake. Serikali ya mtaa nayo ina daftari la wakazi. Na Sheria ya Afya ya Umma ya 2009 inampa afisa afya nguvu ya kukagua makazi na kuagiza kero iondolewe, hata pasipo leseni. Ningeanza na mambo matatu, bila ada yoyote: choo kinachotosha idadi ya wapangaji, nyaya zilizokaguliwa na fundi anayetambulika, na angalau dirisha moja la kila chumba ambalo nondo zake zinafunguka kutoka ndani. Hapo hapo wapangaji waelezwe hatari ya jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa. Linatoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, na aliyelala haamki kuikimbia.

Kwa hayo si lazima kulisubiri Bunge. Manispaa ina mamlaka ya kutunga sheria ndogo. Rasimu hutangazwa, wananchi hupewa muda wa kutoa maoni na pingamizi, madiwani huipitisha, kisha huenda kwa waziri mwenye dhamana ya serikali za mitaa ili aiidhinishe. Mpangaji anayetaka kuianzisha safari hiyo aanze kwa diwani wa kata yake, na kama choo cha uani kimejaa leo, aende kwa afisa afya wa kata leo hii.