Kadi za Realtek na Linux: tusihukumu zote kwa kosa la moja

Jamani hii stori kwamba kadi yoyote ya mtandao (ile ya kuchomeka waya wa intaneti) ya kampuni ya Realtek ni takataka kwenye mifumo ya kompyuta kama Linux ama FreeBSD, naomba tuielewe vizuri maana watu wanatupa kadi zisizo na kasoro kabisa. Ilianzia kwa chipu moja, RTL8139 ya megabiti 100, na kwa chipu hiyo lawama ni ya haki: Bill Paul aliyeandika draiva yake (programu ya kuiendesha kadi) ya FreeBSD aliilalamikia humohumo ndani ya kodi, kwa sababu kila pakiti inayoingia prosesa inabidi iinakili yenyewe kutoka kwenye bafa (memori ya muda ya kupokelea), na kwa kutuma kadi ina nafasi nne tu za pakiti, sasa trafiki ikipanda kompyuta inachoka.

Ila chipu za gigabiti za familia ya 8169 zilibadilishwa muundo, zinaweka pakiti moja kwa moja kwenye memori ilipopangiwa, na kwenye Linux draiva ya r8169 imo ndani ya kerneli (kiini cha mfumo), hata RTL8125 ya gigabiti 2.5 imo tangu 2019. Huko FreeBSD hiyo 8125 imesumbua zaidi, nakubali.

Kwa hiyo kabla hujalaumu jina, andika amri lspci -nn kwenye terminal ya Linux uone chipu yenyewe ni ipi, na waya nao ubadilishe ujaribu.