Mjane Mkristo wa Marehemu Mwislamu: Sheria Ipi, Mahakama Ipi, na Mzee wa Mtaa Anaingia Wapi?

Barua ilikuwa na muhuri wa chifu, sahihi ya mzee wa mtaa na majina manne ya warithi. Mwanamke aliyeileta kwenye dawati letu la ushauri wa sheria hapa Mombasa, ambaye alikuwa ameishi na marehemu miaka kumi na minane katika nyumba moja ya Majengo, hakuwamo. Aliambiwa baada ya hitima, kisomo cha kumwombea marehemu, kwamba Mkristo hamrithi Mwislamu, basi asijisumbue. Waliomwambia hivyo hawakukosea katika fiqhi, yaani elimu ya sheria ya Kiislamu. Walikosea kwa kudhani kwamba asiyekuwa mrithi hana haki yoyote katika mali ile, na kosa hilo ndilo tunalolikuta mara nyingi zaidi katika familia za mwambao zilizochanganya dini.

Kabla ya kugawa chochote, yapo maswali mawili yanayopaswa kutenganishwa, nayo huchanganywa hata na watu wenye elimu yao. La kwanza ni sheria gani itatumika, na jibu lake hutegemea dini ya marehemu peke yake. Sheria ya Urithi ya Kenya, ambayo ilianza kutumika Julai 1981, ilirekebishwa mwaka 1990 ili mali ya Mwislamu aliyefariki igawanywe kwa sheria ya Kiislamu. La pili ni mahakama gani itasikiliza, na hapa ndipo dini ya walio hai inapoingia. Kifungu cha 170 cha Katiba ya 2010 kinaipa Mahakama ya Kadhi mamlaka juu ya hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi pale tu ambapo pande zote ni Waislamu na zimekubali kuhukumiwa hapo. Mjane Mkristo mwenye dai hawezi kulazimishwa kusimama mbele ya kadhi. Shauri huenda Mahakama Kuu. Lakini asitarajie kwamba kwa kubadilisha jengo amebadilisha sheria, kwa kuwa jaji wa Mahakama Kuu naye, akishughulikia mali ya Mwislamu, ni lazima atumie sheria ile ile ya Kiislamu.

Sheria hiyo inasema nini juu ya tofauti ya dini? Hadithi iliyopokewa na Usama bin Zaid, iliyomo katika vitabu vya hadithi vya Bukhari na Muslim, inaeleza kwamba Mwislamu hamrithi asiye Mwislamu, wala asiye Mwislamu hamrithi Mwislamu. Madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa mwambao, yanaishika kauli hiyo kwa pande zote mbili, na kinachotazamwa ni hali ya mrithi wakati mauti yanapotokea, kwa hiyo anayesilimu siku ya arubaini amechelewa. Upande wa pili, Mkristo akifariki na kuacha mtoto aliyesilimu, Sheria ya Urithi haimtazami mtoto huyo kwa dini yake, naye hupata kama ndugu zake. Kuipokea au kutoipokea sehemu hiyo ni jambo lake na dhamiri yake, na wapo tangu enzi za masahaba, akiwamo Muadh bin Jabal, walioona kwamba Mwislamu anaweza kumrithi jamaa yake asiye Mwislamu.

Sasa turudi kwa mjane wetu, maana hesabu hufafanua kuliko maneno. Tuchukue mfano wa mali yenye thamani ya shilingi 3,000,000. Kwanza hutolewa gharama za mazishi na madeni, na mahari ambayo mume hakuilipa ni deni kama deni jingine lolote, hata kama mke ni Mkristo. Tuseme vyote hivyo, pamoja na mahari, ni 300,000. Zinabaki 2,700,000. Kama marehemu aliacha wasia kwa mkewe, wasia huo unaweza kufika thuluthi, yaani 900,000. Kinachobaki, 1,800,000, ndicho mirathi: mama mzazi wa marehemu huchukua sudusi, yaani moja ya sita, 300,000, na 1,500,000 inayobaki hugawanywa kwa watoto, kila mwana wa kiume 600,000 ikiwa ni wawili, na binti mmoja 300,000.

Tazama kilichotokea hapo. Mjane Mwislamu mwenye watoto wa marehemu angepata thumuni, yaani moja ya nane, ambayo ni 337,500 kabla ya wasia wowote, na mumewe asingeweza kumwongezea kwa wasia bila ridhaa ya warithi wengine, kwa sababu hakuna wasia kwa mrithi. Mjane Mkristo, kwa kuwa si mrithi, anaweza kuandikiwa mpaka thuluthi nzima na hakuna mrithi wa kumzuia. Mlango ambao watu hudhani umefungwa ndio ulio mpana zaidi, ila ufunguo wake yuko nao mume, na lazima autumie akiwa hai. Nchini Indonesia, Mahakama ya Juu ya huko imekuwa tangu miaka ya 1990 ikiwapa jamaa wasio Waislamu sehemu kwa njia ya wasia wa lazima hata kama marehemu hakuandika kitu. Kenya haina sheria inayomwamuru kadhi kufanya hivyo. Mume asipoandika, thuluthi hiyo huenda kwa warithi.

Lipo jingine ambalo barua ile ya chifu ililifunika. Nyumba za Majengo, kama nyingi za Kisauni na Likoni, ni nyumba bila ardhi: kuta na paa ni za mwenye nyumba, kiwanja ni cha mtu mwingine anayepokea kodi ya ardhi. Yule mama alikuwa na bahasha ya risiti za kodi hiyo zenye jina lake, risiti za mabati na za saruji, na ujumbe wa M-Pesa wa malipo ya fundi. Alichochangia katika nyumba ni mali yake mwenyewe, wala si mirathi ya mtu, hivyo hutengwa kwanza kabla ya kujadili nani anarithi nini. Kwa maoni yangu, hili lina uzito kuliko mabishano yote ya dini, na ndilo ambalo husahaulika kwa sababu wanawake wengi hawaweki karatasi.

Basi mzee wa mtaa na chifu wanaingia wapi? Barua ya chifu ni utambulisho: inaieleza mahakama nani alikufa, aliishi wapi na aliacha jamaa gani. Si hukumu, na haiwezi kumfanya mtu mrithi wala kumwondoa. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inataja msimamizi wa kijiji na baraza la kijiji lenye wazee kati ya watatu na watano, lakini kazi yao ni uongozi na ushirikishwaji wa wakazi, na mirathi haimo. Ni kweli kwamba desturi za vijijini zilikuwa na nguvu zake. Miongoni mwa Wadigo wa zamani mpwa ndiye aliyemrithi mjomba, na mvutano wa desturi hiyo na sharia ulichukua miaka mingi. Hata hivyo, mzee wa leo anayegawa nyumba barazani bila idhini ya mahakama anaweza kujikuta ameingilia mali ya marehemu, kosa ambalo kifungu cha 45 cha Sheria ya Urithi kinaliwekea adhabu ya faini isiyozidi shilingi 10,000 au kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili.

Nafasi halali ya wazee ni sulhu. Katiba, katika Kifungu cha 159, inahimiza migogoro isuluhishwe kwa njia za jadi mradi haki za msingi zisivunjwe. Warithi watu wazima wakikaa na mzee wao na kukubali kumpa mjane chumba na ukumbi kutoka katika mafungu yao, hilo linaruhusiwa na fiqhi na sheria ya nchi, na aya ya nane ya Suratun-Nisaa yenyewe inaagiza kwamba jamaa wasio warithi wakihudhuria ugawaji wapewe chochote. Ila fungu la mtoto ambaye hajafikia utu uzima halitolewi na mtu yeyote kwa niaba yake, hata ikiwa ni kwa wema.

Mwezi Juni 2025 Mahakama ya Juu ya Kenya iliamua kwamba watoto wa baba Mwislamu waliozaliwa nje ya ndoa wasinyimwe urithi kwa sababu hiyo. Wapo wanaousoma uamuzi huo kama kwamba umefuta pia kizuizi cha tofauti ya dini. Suala lililoamuliwa lilikuwa la kuzaliwa nje ya ndoa, na anayetaka kumlinda mke au mtoto asiye Mwislamu bado anahitaji wasia ulioandikwa na kushuhudiwa na watu wawili wasionufaika nao, au hiba, yaani zawadi, iliyokabidhiwa mkononi akiwa na afya yake.

Kwa upande wa machifu na wazee, tunashauri barua iwataje jamaa wote: wake, watoto na wazazi, kila mmoja na dini yake, na mwisho iandikwe kwamba hao ni jamaa walioachwa na marehemu. Neno "warithi" waiachie mahakama.