Wamisri wa kale na sehemu: acheni kuwaonea

Wiki hii tena mwanafunzi kaniambia Wamisri wa kale hawakuijua 3/5, eti kwa sababu sehemu zao zote zilikuwa na kiasi (namba ya juu) 1. Nimechoka kulisikia.

Hati ya mafunjo iitwayo Rhind, aliyoinakili mwandishi Ahmes karibu mwaka 1550 KK, inagawa mikate 6 kwa watu 10. Jibu lake: kila mtu 1/2 + 1/10. Wewe utaandika 3/5 na kufunga daftari. Haya, shika kisu. Ukikata kila mkate kwenye 3/5, watu sita wanaondoka na kipande kimoja kikubwa, wanne unawaunganishia 2/5 na 1/5. Hao wanne watakubali kweli kwamba hawakupunjwa? Kwa jibu la Ahmes unapasua mikate mitano nusu kwa nusu, wa sita unautoa vipande kumi. Kila mtu ana nusu yake na kipande kidogo, sawasawa na jirani.

Halafu niambie, ipi kubwa, 3/5 au 4/7? Wanafunzi wangu hukimbilia KDS (kigawe kidogo cha shirika). Mmisri ana 1/2 + 1/10 na 1/2 + 1/14; nusu ni zilezile, 1/10 inaizidi 1/14, keshamaliza. Jaribuni hivyo kabla ya kugusa KDS, nawaomba kila mwaka.

"Basi 2/5 si wangeandika 1/5 + 1/5?" Hawakurudia sehemu ileile. Waliandika 1/3 + 1/15. Ndiyo maana hati hiyo ina jedwali la 2 iliyogawanywa kwa kila namba witiri kuanzia 3 hadi 101. Kwenye 13 utakuta 1/8 + 1/52 + 1/104. Mtu asiyeelewa sehemu hatengenezi jedwali la namna hiyo.

Na hilo la "zote kiasi 1" lenyewe si kweli. 2/3 ilikuwa na alama yake, na mara nyingi walipotaka 1/3 ya kitu walitafuta kwanza 2/3, ndipo wakaigawa nusu.

Na yale mabango ya jicho la Horus, mungu wa Kimisri, yanayodai kila kipande cha jicho kilikuwa alama ya sehemu, 1/2, 1/4 hadi 1/64? Alama za kupimia nafaka zilikuwepo, ila maumbo yake ya zamani zaidi hayafanani na jicho. Bandueni hayo mabango.

Mdomo uliochorwa juu ya namba kuonyesha kuwa ni sehemu ni wa hieroglifu, maandishi yao ya picha. Ahmes, aliyeandika kwa mwandiko wa haraka, aliweka nukta tu.