Kitu cha Nje Kinapoingilia Mchezo: Misingi Anayoifuata Mwamuzi

Tangu marekebisho ya Sheria za Soka yalipoanza kutumika Julai 1, 2025, yameongezeka malalamiko yanayotufikia kuhusu namna waamuzi wanavyouanzisha upya mchezo waliousimamisha, na mengi yanatoka kwa watu wanaoupenda mpira kwa dhati lakini bado wanautazama kwa sheria za miaka iliyopita. Makala haya yanahusu sehemu moja tu ya sheria hizo, nayo ni ile ya mchezo kuingiliwa na mtu, mnyama au kitu kisichohusika.

Jambo la kwanza ambalo mwamuzi hulipima ni iwapo kilichoingia kimeuathiri mchezo. Mbwa akikatiza karibu na kibendera cha kona wakati mpira uko upande wa pili, mchezo unaendelea na mbwa ataondolewa nafasi itakapopatikana. Wanaopiga kelele jukwaani kwamba mwamuzi hakuona wanakosea. Ameona, na ameamua kutosimamisha. Ndivyo ilivyo hata kwa filimbi ya shabiki. Ikipulizwa na wachezaji wakaendelea kucheza, hakuna cha kuamua, lakini beki akiudaka mpira ndani ya eneo la penalti kwa kuamini kwamba mchezo umesimama, mwamuzi atasimamisha mchezo na kudondosha mpira, wala hatatoa penalti, hata uwanja mzima uidai.

Mfano unaofundishwa zaidi ni wa Oktoba 17, 2009, katika Ligi Kuu ya Uingereza, ambapo shuti la Darren Bent wa Sunderland liligonga mpira wa kuchezea ufukweni uliorushwa na shabiki wa Liverpool, likabadili mwelekeo na kumpita kipa Pepe Reina. Mwamuzi Mike Jones alilikubali bao hilo, na mchezo ukaisha 1-0. Halikupaswa kukubaliwa, na hoja kwamba aliyeurusha alikuwa shabiki wa timu iliyofungwa haina uzito wowote, kwa sababu shabiki ni mtu wa nje bila kujali jezi aliyovaa. Sheria ya sasa inaruhusu bao likubaliwe ikiwa mpira ulikuwa unaelekea golini, ukaingia, na mwingilio haukumzuia mchezaji anayelinda kuucheza, hata kama kitu hicho kiliugusa mpira, ilimradi hakikutoka kwa timu inayoshambulia. Reina alizuiwa, kwa hiyo hata leo uamuzi sahihi ungekuwa kumdondoshea yeye mpira.

Mambo hubadilika kabisa pale mwingiliaji anapokuwa mtu wa timu. Septemba 2013, katika Daraja la Nne la Brazil, mchua misuli wa Aparecidense aliingia uwanjani dakika za mwisho akaokoa mpira uliokuwa unaelekea wavuni dhidi ya Tupi. Mchezo uliisha 2-2, na baadaye Aparecidense waliondolewa mashindanoni kwa uamuzi wa chombo cha nidhamu. Sheria za wakati huo hazikumpa mwamuzi zaidi ya kudondosha mpira. Tangu 2016, kiongozi wa timu, mchezaji wa akiba, aliyetolewa au aliyepewa kadi nyekundu akiingia na kuingilia mchezo, timu yake inaadhibiwa kwa pigo huru la moja kwa moja, au penalti ikiwa tukio limetokea ndani ya eneo lake la penalti. Mchezaji wa akiba akizuia bao kwa njia hiyo anapata kadi nyekundu. Marekebisho ya 2025 yameweka nafuu moja: kocha anayeugusa mpira unaokaribia kutoka, bila nia ya kuingilia mchezo isivyo haki, hapewi kadi, na timu pinzani inapata pigo huru lisilo la moja kwa moja.

Kuhusu kudondosha mpira, utaratibu ni huu. Mchezo ukisimamishwa mpira ukiwa ndani ya eneo la penalti, anadondoshewa kipa wa timu inayolinda. Mahali pengine, anadondoshewa mchezaji mmoja wa timu iliyoumiliki au ambayo ingeumiliki mpira, ikiwa hilo liko wazi kwa mwamuzi. Lisipokuwa wazi, ni wa timu iliyougusa mwisho. Wachezaji wengine wote hukaa angalau mita 4 mbali, na mpira unakuwa mchezoni unapogusa ardhi. Bao halikubaliwi mpaka mpira uwe umeguswa na wachezaji wasiopungua wawili. Hakuna tena wachezaji wawili kuugombea mpira unaodondoshwa. Hilo liliondolewa 2019. Mwaka huohuo uliondoka pia ule msemo kwamba mwamuzi ni sawa na mlingoti wa goli, ambao bado tunausikia hata kwa watangazaji. Mpira ukimgusa mwamuzi ukabaki uwanjani, kisha umiliki ukabadilika, shambulizi la hatari likaanza au mpira ukaingia moja kwa moja golini, mchezo unasimamishwa.

Taa nazo ni suala la mwamuzi. Zilipozimika Uwanja wa Benjamin Mkapa katika mchezo wa Yanga na Rivers United, robo fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, Aprili 30, 2023, mchezo ulisimama hadi ziliporudi. Mwamuzi ana mamlaka ya kusimamisha mchezo, kuuahirisha kwa muda au kuuvunja, kisha huandika taarifa. Hagawi pointi wala hatozi faini, na kumdai afanye hivyo uwanjani ni kupoteza muda. Hayo ni ya mamlaka ya mashindano.

Linabaki bao lililofungwa huku kukiwa na mtu wa ziada uwanjani. Akigundulika kabla mpira haujaanzishwa kati, ni wa timu iliyofunga na aliuingilia mchezo, bao linakataliwa na timu iliyofungwa inapata pigo huru la moja kwa moja pale alipokuwa mtu huyo. Akigundulika baada ya mpira kuanzishwa, bao linabaki, hata picha za simu zikimwonyesha amesimama katikati ya uwanja, na mwamuzi analiandika tukio hilo kwenye taarifa yake.