Je, wajua kwa nini kampuni za mashine za gemu hung'ang'ania majina yale yale ya gemu?

Ingia kibanda chochote cha gemu Kirumba au Mabatini, hapa Mwanza, jioni watoto wakishatoka shule, utakuta kandanda. Pedi mbili zilizolika mpira kwenye vijiti, benchi limejaa, anayefungwa anapisha. Wanalipa kwa mechi, na mechi ni dakika chache tu. Mwenye kibanda akiweka gemu ngeni yenye hadithi ndefu, mteja atamaliza hela yake akitafuta kitufe cha kuruka, kisha hatarudi. Basi kandanda inabaki mwaka hadi mwaka. Hata baada ya EA, kampuni inayoitengeneza gemu hiyo, kuachana na jina la FIFA mwaka 2023 na kuiita EA Sports FC, vijana wa Mwanza bado wanaambiana "tucheze FIFA".

Watengeneza mashine, yaani Sony wa PlayStation, Nintendo na Microsoft wa Xbox, wanapiga hesabu hiyo hiyo, ila kwa hela za kutisha. Nyaraka za kesi moja nchini Marekani mwaka 2023 zilionyesha kuwa gemu ya Sony, The Last of Us Part II, iligharimu takriban dola milioni 220. Ukishatoa fedha kama hizo huna hamu ya kubahatisha. Unataka jina ambalo mnunuzi analijua tayari. Ndiyo maana God of War, gemu nyingine ya Sony iliyoanza mwaka 2005, bado ipo.

Lakini naamini kampuni hizi zinakosea zinapoegemea mno huko, na sababu ni kwamba mtengeneza mashine hafanyi biashara sawa na mtengeneza gemu. EA inaweza kuishi kwa kandanda kila msimu kwa kuwa inamuuzia mwenye PlayStation na mwenye Xbox pia. Sony kwanza inataka ununue mashine yake, kisha kwa kila gemu ya kampuni nyingine inayouzwa kwenye duka lake la mtandaoni ikate fungu lake, ambalo kwa kawaida ni karibu asilimia 30. Gemu inayopatikana kote haimshawishi mtu achague mashine hii aache ile. Lazima kuwe na kitu ambacho hakipo kwingine.

Je, jina kubwa linatosha? Mfano wa Nintendo ndio unaonishawishi kuliko yote. Mario Kart 8 ilitoka mwaka 2014 kwenye mashine ya Wii U. Jina linajulikana dunia nzima, gemu ni nzuri, lakini mashine ikadoda: haikufikisha hata milioni 14. Mwaka 2017 gemu hiyo hiyo ikatolewa upya kwenye Switch, mashine unayoweza kucheza kwenye runinga au ukatembea nayo, na ikavuka nakala milioni 60. Mario hakuweza kuiokoa mashine ambayo watu hawakuitaka.

Sasa tazama upande wa pili. Xbox ilipoingia sokoni mwaka 2001, iliyoibeba ni Halo, jina ambalo hakuna aliyekuwa amelisikia miaka michache kabla. Mario mwenyewe alizaliwa mwaka 1981 ndani ya Donkey Kong, gemu iliyobuniwa kwa sababu mashine za gemu yake ya awali, Radar Scope, zilikuwa zimedoda Marekani na Nintendo ilihitaji kitu cha kuweka ndani yake. Na Guerrilla, studio ya Sony iliyokuwa ikitengeneza gemu ya vita ya Killzone tangu 2004, iliweka bunduki zile kando ikaja na Horizon Zero Dawn mwaka 2017. Leo Horizon nayo ni jina la kuendelezwa.

Wapinzani watakutajia Concord, gemu yenye jina jipya iliyoanguka, na wana haki. Sony iliitoa tarehe 23 Agosti 2024, ikaizima tarehe 6 Septemba na kuwarudishia watu fedha zao. Ila upya wake ulikuwa wa jina tu. Gemu za mashujaa wa kurushiana risasi kwa timu zilikuwa zimejaa sokoni, nyingine za bure kabisa, wakati hii ikiuzwa dola 40.

Ningekuwa mshauri wao, ningesema majina makubwa yaendelee kulipa mishahara, lakini fungu la kudumu litengwe kwa vikosi vidogo vyenye mawazo mageni na bajeti ambayo ikipotea haiangushi studio. Gemu hizo ziwe fupi kueleweka. Wii Sports ya mwaka 2006 ilionyesha njia: tenisi na bolingi, unatikisa mkono tu, na katika nchi nyingi ilikuja ndani ya boksi la mashine. Kwa jumla, zaidi ya nakala milioni 82 zilifikia watu. Gemu ya namna ile, wachezaji wawili, raundi ya dakika tatu, sheria zinazoeleweka kwa kutazama tu kutoka kwenye benchi, hata mwenye kibanda wa Kirumba angeiwasha bila kuhofia kupoteza wateja.