Nyumba za Kupanga Zisizo na Maegesho Katikati ya Moshi

Mimi ni msanifu majengo, na wateja wangu wengi wanataka kujenga nyumba za kupanga katika viwanja vidogo vya Moshi mjini. Karibu kila mmoja huanza kwa kuuliza magari yatalala wapi, ilhali wapangaji anaowatarajia ni watu wa daladala, bodaboda na miguu.

Tuchukue kiwanja cha mita 20 kwa 20. Egesho moja ni mita 2.5 kwa 5, lakini gari lazima ligeuke na kutoka, kwa hiyo ukijumlisha na njia yake unapata takribani mita za mraba 25. Familia nane zikitengewa maegesho manane, nusu ya kiwanja imekwisha kabla hujasimamisha ukuta hata mmoja, na bado hujaacha nafasi ya mpakani wala ya karo la maji taka.

Wengi hudhani dawa ni kuliinua jengo juu ya nguzo ili magari yakae chini. Hapo ndipo gharama inapojificha. Vyumba vya juu vinatosheka na nguzo zilizoachana mita tatu na nusu hivi, lakini magari mawili yaliyoegeshwa sambamba yanahitaji mita tano au zaidi pasipo nguzo katikati. Nguzo za juu zisipoangukia juu ya zile za chini, mhandisi hulazimika kuweka boriti nene za kuhamisha mzigo. Nondo zinaongezeka, zege linaongezeka, na ghorofa ya chini ambayo ingekuwa fremu za biashara haiingizi chochote. Gharama hiyo huishia kwenye kodi ya nyumba, na muuza mboga wa Mbuyuni ambaye hajawahi kumiliki gari huilipa kila mwezi. Kwangu mimi hiyo ni dhuluma.

Majengo ya zamani ya katikati ya mji, yenye maduka chini na makazi juu, yalijengwa hadi ukingoni mwa barabara bila ua wa magari, na mpaka leo yana watu. Huko nje, mwaka 2017 jiji la Buffalo nchini Marekani liliacha kuwalazimisha wajenzi kuweka maegesho, na Mexico City mwaka huohuo ikaweka kikomo cha juu cha idadi ya maegesho badala ya kiwango cha chini.

Hofu ya kwamba magari yatajaa mitaani na kulizuia gari la zimamoto ni ya kweli, na haiondoki kwa maneno matupu. Japani huijibu kwa kumtaka mnunuzi wa gari athibitishe kwanza kwamba ana mahali pa kuliweka, ndani ya kilomita mbili kutoka anapoishi. Mzigo unabaki kwa mwenye gari.

Katika michoro yangu mimi hubakiza egesho moja pana kwa mtu mwenye ulemavu, ambalo pia hutumika kushushia mizigo au kupokelea gari la wagonjwa, pamoja na kibanda cha pikipiki. Nafasi nyingine yoyote ya gari namshauri mwenye nyumba aipangishe kwa mkataba wake, mbali na kodi ya chumba.